Mpangilio wa Kubaini Hitilafu za Uwashaji na Uongezaji Kasi katika Injini Kongwe za Petroli: Mfano wa Mji wa Babati, Manyara

Makala hii inafafanua utaratibu wa kubaini chanzo cha hitilafu mbili ambazo wamiliki wa magari ya zamani huzilalamikia kwa pamoja: injini kuwaka kwa shida, na gari kutoongeza kasi dereva anapokanyaga mafuta. Mahali pa mfano ni mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002. Mji huu unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, hapa hukutana barabara zitokazo Arusha, Singida na Dodoma kupitia Kondoa, na magari huendeshwa mwendo mrefu bila kupumzika. Pili, mji uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 likilinganishwa na lile la pwani. Upungufu huo huathiri karibu kila kipimo ambacho fundi hukitegemea, ingawa hauonekani kwa macho. Injini itakayorejelewa ni ya aina ya 4K, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1,290, iliyofungwa katika Toyota Corolla za kizazi cha nne kilichoanza kuundwa mwaka 1979. Nyingi kati yake hutumia platini na kabureta.

Hoja ya makala ni kwamba hitilafu za cheche, za mafuta na za hewa hujificha moja ndani ya nyingine, na kwa hiyo mpangilio wa uchunguzi una uzito uleule wa uchunguzi wenyewe. Fundi anayeanzia mahali pasipo sahihi huweza kubadilisha koili, kisha pampu, kisha kabureta nzima, na mwenye gari akalipia vipuri vitatu vizima ilhali kosa lilikuwa katika nafasi ya nusu milimita.

Inafaa kuanza na lugha ya malalamiko, kwani ndiyo taarifa ya kwanza anayopewa fundi. Dereva husema gari "halivuti", neno linalobeba mambo manne au matano tofauti. Gari linaloshtuka au kusita mara tu pedali inapokanyagwa si sawa na lile linaloanza vizuri kisha likaishiwa nguvu baada ya dakika kadhaa za kupanda mlima wa Dareda. Vilevile, gari linalomisi wakati wote halina ugonjwa mmoja na lile linalomisi katika mwendo wa kasi tu. Neno "moto" nalo lina utata: katika gereji humaanisha umeme wa betri na humaanisha pia cheche ya plagi. Taarifa kwamba "moto upo" inaweza kuwa kweli kwa maana ya kwanza na uongo kwa maana ya pili. Kwa sababu hiyo, swali la fundi lisiishie kwenye tatizo ni nini. Liulize pia hutokea lini, injini ikiwa baridi au ikiwa imechemka, na kwa mzigo kiasi gani.

Uchunguzi wenyewe hauna budi kuanzia kwenye cheche. Waya wa kati unaotoka kwenye koili hushikwa kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake ikiwa milimita tano au sita kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na mvuke wa petroli, huku injini ikizungushwa na stata. Cheche ya buluu inayopasuka kwa sauti ni nzima. Ile nyembamba ya manjano ni dhaifu. Cheche ikiwa dhaifu, platini ndiyo ya kutazamwa kabla ya koili. Platini zikifungana, umeme hupita katika waya mnene wa koili na kujenga usumaku. Zikifunguka, usumaku huo huporomoka ghafla na kuzalisha maelfu ya volti katika waya mwembamba. Kondensa hupokea umeme ambao ungeruka katika ufa wa platini. Ikichoka, nyuso za platini huungua na kuwa na mashimo, na cheche hupoteza makali. Gari linalozimika baada ya kuchemka, likapumzika kivulini na kuwaka tena, humwelekeza fundi kwenye koili au kondensa, kwani vyote viwili huweza kushindwa vikipata joto na kupona vikipoa.

Nafasi ya platini ndiyo kiini cha suala zima. Kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.4 na 0.5. Kisigino cha platini, kinachosuguana na kemu ya distributa, huliwa kadiri gari linavyotembea, hasa kisipopakwa grisi. Kikiliwa, nafasi hupungua. Nafasi ikipungua, platini huchelewa kufunguka. Na platini zikichelewa, cheche nayo huchelewa. Hivyo taimingi hurudi nyuma pasipo mtu yeyote kuigusa distributa. Injini huchemka kupita kiasi, hula mafuta mengi na hukosa nguvu mlimani. Fundi anayezungusha distributa ili kusahihisha taimingi bila kurekebisha nafasi kwanza huwa ametibu dalili tu. Siku platini mpya zitakapofungwa kwa nafasi sahihi, taimingi itakuwa imetangulia mno na injini itagonga. Kanuni ni moja: nafasi hutangulia, taimingi hufuata.

Mwinuko wa Babati huongeza gharama ya kosa hilo. Katika hewa nyepesi mchanganyiko huungua polepole zaidi, kwa hiyo injini huhitaji cheche iliyotangulia kidogo kuliko pwani. Cheche iliyochelewa huumiza zaidi huku juu. Kinyume chake pia ni kweli, na mara nyingi husahaulika: gari lililosogezwa taimingi ili livute vizuri Babati linaweza kugonga likiteremka hadi Tanga au Dar es Salaam likiwa na mzigo.

Kuna mtego mwingine unaohusu injini hii mahususi. Toyota nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, lakini familia ya K huwaka kwa mpangilio wa 1-2-4-3. Fundi aliyezoea injini nyingine akirudisha nyaya za plagi kwa mazoea, injini itapiga mlipuko kwenye kabureta au kukataa kabisa kuwaka, na hapo kabureta isiyo na kosa hufunguliwa.

Cheche ikithibitishwa, hatua inayofuata ni vifaa vinavyoisogeza. Rota hupindwa kwa mkono na kuachiwa. Isiporudi yenyewe, vyuma vya uzito au springi zake vimekwama. Mpira wa vakyumu wa distributa hufyonzwa kwa mdomo. Bamba la platini likisogea na kubaki hapo, kiwambo ni kizima. Kiwambo kilichotoboka hudhuru mara mbili, kwani cheche haisogei, na hewa isiyopimwa huingia kwenye injini.

Hapo ndipo zamu ya mafuta hufika. Injini ikiwa imezimwa, fundi hutazama ndani ya koo la kabureta na kuvuta waya wa ekselereta: mrusho wa petroli unapaswa kuonekana papo hapo. Usipoonekana, pampu ndogo ya kabureta ndiyo inayosababisha gari kusita pedali inapokanyagwa. Gari linaloishiwa nguvu baada ya mwendo fulani huelekeza kwenye chujio lililoziba, kiwambo cha pampu, au mfuniko wa tanki usiopitisha hewa. Huu wa mwisho hupimwa bila gharama yoyote, kwa kuulegeza mfuniko na kuendesha tena. Jambo lisilofaa ni kupanua jeti ili "kuongeza nguvu". Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani tayari hutoa mchanganyiko mzito kupita kiasi katika mwinuko huu, na masizi meusi kwenye plagi zote nne huthibitisha hilo. Masizi kwenye plagi moja tu ni habari nyingine, na hurudisha uchunguzi kwenye plagi hiyo, waya wake au silinda yake.

Ubora wa mafuta nao uzingatiwe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwaka kwa shida asubuhi na hugonga mlimani, dalili zinazofanana na za taimingi mbovu. Uchakachuaji huo ndio uliosababisha EWURA kuanzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010.

Mgandamizo wa silinda hupimwa mwisho, na ndipo hukumu nzito zaidi hutolewa: kufungua injini. Kipimo kinachosomeka Babati huwa chini ya kile cha kitabu cha gari kwa takriban asilimia ileile 15, kwa kuwa silinda huanza na hewa kidogo. Injini ambayo kitabu kinaitaka kilo 12 kwa sentimita ya mraba inaweza kusoma kilo 10 na kuwa nzima kabisa. Kinachopaswa kulinganishwa ni silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, kijiko cha oili hutiwa kupitia tundu la plagi na kipimo hurudiwa: kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa, kisipopanda, valvu ndizo zinazovujisha, na kazi huishia kwenye silinda hedi bila kugusa pistoni.