Nafasi ya Mwalimu wa Kiswahili katika Darasa la Vyombo vya Kisasa

Utangulizi

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi kazi ya mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya inavyobadilika pindi tarakilishi, vishikwambi na vyombo vinginevyo vya kisasa vinapoingia darasani. Wako wanaodai kwamba vyombo hivi vitamwondolea mwalimu kazi yake. Rai yetu ni kinyume cha hiyo: vyombo vinampunguzia kazi ya kusema, lakini vinamwongezea kazi ya kuuliza, kusikiliza na kupima.

Ushahidi wa lugha

Vitenzi funza na fundisha vina shina moja na nomino fundi na mwanafunzi. Kitenzi jifunza kimetokana na funza kwa kuongezwa kiambishi -ji-, ambacho huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Kwa umbo la neno, basi, anayejifunza ndiye anayejifundisha. Neno mwalimu, kwa upande wake, lina asili ya Kiarabu na lina nasaba na neno elimu. Humtaja yule aliye na elimu na kuwapa wengine.

Shule zetu zimeegemea mno upande wa elimu inayotolewa na kusahau upande wa ufundi. Mwanafunzi wa seremala hakuhutubiwa juu ya randa. Alipewa randa mkononi, akakosea, na fundi akamsahihisha. Kwa hiyo wazo la kumfanya mwanafunzi kuwa kitovu cha somo si geni kwetu. Kilicho kigeni ni vyombo tu.

Mabadiliko ya mtaala

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Hadhi ya somo ilipanda, lakini mtihani nao ulimshurutisha mwalimu kumaliza silabasi, na njia ya mkato ikawa kuhutubu na kunakilisha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 katika madarasa ya chini, umeujumuisha umilisi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi, na mada zake huambatana na maswali dadisi. Kabla ya hapo, mwaka wa 2016, serikali ilikuwa imeanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma.

Upungufu wa vyombo vinavyoachwa peke yake ulidhihirika mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona na masomo kuendelezwa kwa redio na runinga. Redio ilisema, lakini haikusikia. Haikuweza kumwona mtoto aliyekunja uso kwa kutoelewa, wala kumngoja.

Mfano wa somo

Tuchukue somo la msamiati, na neno letu liwe paa. Kamusi iliyomo katika kishikwambi itampa mwanafunzi maana kadha kwa mara moja: mnyama wa mwituni mwenye mbio, sehemu ya juu ya nyumba, kwenda juu angani, kuondoa magamba ya samaki. Zamani mwalimu angeziandika ubaoni, wanafunzi wakanakili, na somo likaisha. Sasa orodha inapatikana kabla mwalimu hajafungua kinywa. Je, kazi yake imekwisha? La, ndiyo kwanza inaanza.

Mwalimu ataandika sentensi mbili: Paa ameonekana; Paa limeonekana. Kisha atauliza: ni nini kinachotujulisha kwamba moja ni mnyama na nyingine ni nyumba? Wanafunzi wakijadiliana katika vikundi, watavumbua wenyewe kwamba upatanisho wa ngeli ndio unaoamua maana. Kisha ataongeza ya tatu: Mama anapaa. Hapa upatanisho hautoshi. Ni mpaka tuongeze neno samaki ndipo tujue mama yuko jikoni wala hayuko angani. Mtoto wa Lamu aliyemwona mamaye akipaa samaki ana maarifa ambayo huenda mwenzake wa Nyeri hana, naye atapewa nafasi ya kueleza. Kishikwambi hakijui ni nani aliyeketi darasani, mwalimu anajua.

Tatizo la kazi zilizoandikwa na mashine

Jambo zito zaidi ni programu za akili mnemba, ambazo huweza kutunga insha nzima kwa dakika moja. Insha hiyo yaweza kuwa na sarufi safi, na isiwe na fikira hata moja ya mwanafunzi. Mwalimu anayesahihisha karatasi tu atatuza mashine. Hana budi kusahihisha safari ya insha pia: kuona rasimu, kumtaka mwandishi aitetee kwa mdomo, na kumwuliza kwa nini amechagua methali hii badala ya ile. Mwanafunzi asiyeweza kujibu hajajifunza, hata kama ukurasa wake hauna kosa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mwalimu hapungui thamani kwa kuacha kuwa chemchemi pekee ya maarifa. Hata hivyo, kazi hii mpya inadai mengi: inamtaka aimudu lugha kuliko hapo awali, kwani maswali ya wanafunzi hayatabiriki kama hotuba iliyoandaliwa. Vyuo vya ualimu havina budi kufunza ufundi wa kuuliza, wala visitosheke na kuonyesha jinsi ya kuwasha mashine. Zaidi ya hayo, pana suala la haki. Mtoto mwenye chombo nyumbani ataendelea kusoma baada ya kengele. Asiye nacho anamtegemea mwalimu peke yake. Mwalimu akijitenga kwa kisingizio kwamba wanafunzi wanajifunza wenyewe, huyo ndiye atakayeachwa nyuma kwanza.