Kuhami si Kukata Umeme

Katika maduka ya vifaa vya umeme huuzwa kitu kizito kilichomo koponi, ambacho fundi hukipaka kwa brashi juu ya maungio ya nyaya. Jina lake la Kiingereza lina maana ya utepe wa umeme ulio majimaji. Je, mfasiri akiiteje?

"Utepe wa maji" haufai. Utepe huzungushwa, hautiririki. Tena maji ya kawaida hupitisha umeme, hivyo jina hilo lapotosha. Kitu chenyewe ni mpira au plastiki iliyoyeyushwa katika kimiminika kinachokauka upesi. Kimiminika kikitoweka hewani, hubaki ganda lililoushika waya. Kwa kuwa tunayo mafuta ya kupaka na dawa ya kupaka, twapendekeza istilahi *kihami cha kupaka*.

Asili yake ni kitenzi *kuhami*, yaani kukinga na madhara. Walimu wawaonye wanafunzi wasikichanganye na *kuhama*. Wako wanaoandika "kuzuia umeme", na hapo ndipo penye hatari. Mtu akisoma "waya uliozuiwa umeme" aweza kudhani kwamba swichi imezimwa, akaushika ulipochubuka. Waya uliohamiwa waweza kuwa na umeme ndani yake, nao katika nyumba za Tanzania ni wa volti 230. Kilichozuiwa ni umeme huo kumfikia mtu. Kukata umeme ni tendo jingine, nalo hutangulia.

Basi maelezo ya matumizi yaweza kuandikwa hivi:

"Kata umeme kwenye swichi kuu, kisha pima uhakikishe kuwa umekatika. Safisha nyaya, uzikaze barabara kwenye konekta. Paka kihami, ngoja kikauke, rudia kupaka mpaka shaba iliyo wazi isionekane. Usiwashe umeme kabla hakijakauka kabisa. Fungua madirisha, mvuke wake hushika moto."

Mfasiri asisahau kueleza kwamba kihami hiki hakiunganishi nyaya, wala hakishiki nafasi ya konekta na boksi lake. Kazi yake ni kuongeza kinga, hasa dhidi ya unyevu.

Mafundi wakisema "tepu ya kupaka" hatuwalaumu, maana wao huonyeshana kwa mikono. Msomaji aliye peke yake na karatasi hana wa kumwonyesha. Yeye hutegemea neno tu. Tunakaribisha maoni ya wasomaji.