KUCHAGUA PICHA ILIYO BORA

Zamani filamu moja ya kamera kwa kawaida haikuzidi picha 36, na mpiga picha alipima sana kabla ya kubonyeza. Siku hizi kwa simu naweza kupiga picha mia kando ya Ziwa Singidani kwa jioni moja. Kazi ngumu sasa ni kuchagua.

Mimi hufuata njia hii. Kwanza, huziacha picha zangu juma zima, ili furaha ya siku ile ipoe. Pili, huondoa zilizotikisika, na zile ambazo jua limeufuta uso wa mtu. Tatu, zinazofanana huziweka pamoja nikabakiza moja tu. Mwisho, humwonyesha mtu ambaye hakuwapo, nami hunyamaza. Ikiwa sharti nimweleze ndipo awaone heroe majini, picha hiyo haijitoshelezi.

Lakini picha bora na picha yenye thamani ni mambo mawili. Picha ya marehemu bibi yangu akipepeta alizeti ina ukungu; haifai kwa mashindano, wala sitaifuta kamwe. Basi, ndugu zangu, tuchague kwa jicho kali, lakini tusiwe wepesi wa kufuta.