Kuunda ekzosi si kazi, kazi ni kuzuia moshi usivuje

GARI aina ya Toyota Probox linalotoka mjini Migori alfajiri, likapita Rongo na kukata kona kuelekea Rodi Kopany hadi Homa Bay, mara nyingi husikika kabla ya kuonekana. Mngurumo huo si ishara ya nguvu za injini. Ni ishara kwamba mahali fulani chini ya sakafu, kati ya miguu ya dereva na buti walimobanana abiria na magunia, bomba la moshi limetoboka.

Mmiliki wa gari kama hilo huwa na njia tatu. Anaweza kuagiza ekzosi mpya kutoka Kisumu au Nairobi. Anaweza kununua iliyotumika, iliyong'olewa kwenye gari lililokwisha kuvunjwa. Au anaweza kumwita fundi wa jua kali aje na mashine yake ya kuchomelea, akate mabomba na kuunda nyingine papo hapo uani. Njia ya tatu ndiyo nafuu na ndiyo inayopendwa. Wala si ya kudharauliwa, kwani ekzosi iliyoundwa kwa vipimo sahihi na mtu makini yaweza kudumu kuliko ya mtumba. Tatizo ni kwamba fundi na mteja wake aghalabu huipima kazi hiyo kwa sikio, ilhali hatari kubwa ya ekzosi haina sauti wala harufu.

Hatari hiyo ni hewa ya kaboni monoksidi, ambayo hutokea petroli inapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Mtu akiivuta, hung'ang'ania chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivi kwamba damu huendelea kuzunguka mwilini bila kubeba kile ambacho ubongo na moyo vinahitaji. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika kaunti za kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ni maradhi ya kila msimu, dalili kama hizo humpeleka mtu moja kwa moja kwenye duka la dawa. Tofauti ni kwamba sumu ya moshi kwa kawaida haileti joto la mwili, na mgonjwa hupata nafuu baada ya kushuka garini na kukaa kwenye hewa safi. Dereva anayeumwa na kichwa kila jioni na kuamka mzima kila asubuhi anapaswa kutazama chini ya gari lake, hata kama atakwenda pia kupimwa malaria.

Umbo la magari haya huongeza hatari. Gari lenye mgongo wa wima linapokimbia huacha nyuma yake pengo la hewa hafifu ambalo huvuta moshi na kuurudisha kwenye mlango wa buti. Iwapo mpira wa mlango huo umechakaa, au mlango wenyewe umefungwa kwa kamba kwa sababu ya mzigo, moshi huingia ndani. Wanaoketi huko nyuma, na mara nyingi ni watoto, ndio wa kwanza kuuvuta.

Ni vyema basi kufahamu ekzosi inafanya nini. Moshi unaotoka kwenye vali za injini huwa na joto la mamia ya nyuzi, na hutoka kwa mapigo ya ghafla, si kwa mkondo laini. Bomba lina jukumu la kuutoa moshi huo hadi nyuma ya gari, mbali na abiria. Sailensa huyavunja mapigo yake ili yasipasue masikio. Ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya kifaa cha aina hiyo mnamo 1897. Kati ya injini na sailensa kuna chombo cha tatu, kile cha kusafisha moshi, ambacho kitazungumziwa baadaye kwa kuwa ndicho kinachoibua ubishi mwingi.

Wengi hudhani kuwa ekzosi huharibiwa na mawe ya barabarani pekee. Ni kweli kwamba gari lililobeba watu kupita kiasi huinama na kugonga sailensa kwenye kila tuta, hasa kwenye barabara za vumbi kama zile za machimbo ya dhahabu ya Nyatike. Lakini adui mkubwa hutoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Katika safari ndefu bomba hupata joto na mvuke wote hutoka nje. Katika safari fupi za kutoka stendi hadi sokoni, bomba halipati joto la kutosha. Mvuke hugeuka maji, maji hutuama kwenye sailensa, na kutu huanza kula chuma kutoka ndani. Ndiyo maana sailensa iliyo safi kwa nje yaweza kutoboka kwa kidole.

Kazi yenyewe huanza kwa gari lililopoa. Jeki pekee haitoshi. Gari liinuliwe na kuegemezwa kwenye stendi za chuma au magogo imara, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiliwe kwa mawe. Kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki ni kumkabidhi roho mtu aliyeiuza jeki hiyo. Ekzosi ya zamani, hata ikiwa imeoza vipi, isitupwe. Hiyo ndiyo ramani: inaonyesha mikunjo, urefu, na mahali pa kuning'inizia.

Chaguo la bomba ndilo linalowashinda wengi. Kwa injini ya lita moja na nusu kama ya Probox, kipenyo cha inchi moja na nusu hadi inchi moja na robo tatu kinatosha. Vijana hupenda bomba nene wakiamini gari litapata nguvu. Kinyume chake ndicho hutokea katika mwendo wa kawaida. Bomba likiwa pana mno, kasi ya moshi hupungua, na ule mvuto ambao pigo moja la moshi huliachia pigo linalofuata hupotea. Gari hupiga kelele zaidi na kupanda mlima kwa uvivu zaidi.

Kosa la pili ni la kiafya. Bomba la maji lililopakwa zinki linapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na fundi asiye na bomba jingine hushawishika kulitumia. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419 na kuchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali moto wa kuchomelea hupita kiwango hicho kwa mbali. Mafusho meupe yanayotoka humletea anayeyavuta homa, baridi na maumivu ya viungo saa chache baadaye, na hapa tena malaria husingiziwa. Bomba la chuma cha kawaida lisilopakwa kitu, lenye unene wa takriban milimita moja na nusu, ni bora kwa kazi hii.

Kupinda bomba bila mashine ni ufundi wa aina mbili. Ule wa zamani ni wa mchanga: bomba hujazwa mchanga laini, ncha zote mbili huzibwa kwa vigingi vya mti, kisha sehemu ya kupindwa huchomwa hadi iwe nyekundu na kuzungushwa polepole kwenye rimu kuukuu. Mchanga huzuia bomba lisibonyee. Ni sharti mchanga huo uwe umekaushwa kabisa motoni, kwani unyevu kidogo tu hugeuka mvuke na kufyatua kigingi kama risasi. Ufundi wa pili ni wa kukata vipande vya mshazari na kuviunganisha. Mfano, kona ya nyuzi 90 ikigawanywa katika viungo vitano, kila kiungo hupinda nyuzi 18, na kila uso wa bomba hukatwa kwa mshazari wa nyuzi tisa. Hesabu hii huchorwa kwenye karatasi, karatasi ikazungushwa kwenye bomba, na msumeno ukafuata mstari. Anayekata kwa kukisia hulazimika kuziba mianya kwa donge la chuma, na donge hilo ndilo hupasuka kwanza.

Sailensa nayo yaweza kuundwa kwa bati nene la chuma. Ikiwa ni ya aina ambayo moshi hupenya matunduni kutoka chumba kimoja hadi kingine, jumla ya eneo la matundu isipungue eneo la bomba. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 42 lina eneo la takriban milimita za mraba 1,385. Tundu moja la milimita tano lina chini kidogo ya 20. Hivyo basi matundu yasipungue 71, na fundi mwangalifu hutoboa zaidi ya hayo. Mahali pa chini kabisa pa sailensa patobolewe kitundu cha milimita mbili au tatu ili maji yadondoke. Mteja asiyeambiwa sababu hudhani ameuziwa kitu kibovu!

Kwa bomba jembamba namna hii, rodi za kuchomelea za milimita 2.5 na umeme mdogo ndizo zinazofaa. Rodi nene hutoboa. Viungo hushikizwa kwanza kwa nukta tatu au nne huku bomba likiwa mahali pake chini ya gari, ili mikunjo ikae sawa. Kisha bomba lote huteremshwa na kuchomelewa kikamilifu juu ya meza. Kuchomelea kila kitu chini ya gari ni hatari mbili kwa pamoja: tangi la petroli liko karibu, na cheche huangukia chochote. Kabla ya hata ile nukta ya kwanza, waya wa betri utenganishwe, na klipu ya mashine ishikwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Magari ya siku hizi yana kompyuta ya injini, na umeme uliopotea njia waweza kuiharibu kwa sekunde moja.

Sasa turejee kwa kile chombo cha kusafisha moshi. Ndani yake mna kitu kama sega la nyuki kilichopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo huchochea kaboni monoksidi igeuke kaboni dayoksidi. Chombo hicho huharibiwa na risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli, na kilipata nafasi ya kufanya kazi nchini baada ya petroli ya aina hiyo kuondolewa kufikia 2006. Kwa sababu ya thamani ya madini yake, hutafutwa na wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na baadhi ya mafundi humshauri mteja akiuze na kuweka bomba tupu, wakimwambia kwamba gari litakuwa jepesi. Manufaa hayo ni haba. Madhara ni kwamba moshi unaotoka huwa na sumu nyingi zaidi, kihisio cha oksijeni hutoa taarifa zisizolingana, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika. Anayeunda ekzosi mpya aanzie nyuma ya chombo hicho, na akiache kama alivyokikuta.

Sheria nayo haiko kimya. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizochapishwa 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinakataza gari linalotoa sauti kubwa isiyo ya kawaida na kuweka kikomo cha desibeli 84 gari linapoongeza kasi. Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka na mamlaka ya NTSA. Walakini bodaboda zilizotolewa sailensa kusudi zinaendelea kutikisa vitongoji usiku, na hapo si umaskini unaolaumiwa bali mtindo.

Wanaoachwa nje ya mjadala huu ni wenye injini zisizotembea. Kinu cha kusaga mahindi kinachotumia dizeli, kikiwa ndani ya chumba chenye dirisha moja, kinahitaji bomba linalopanda juu ya paa kuliko gari linavyolihitaji, kwa sababu mwendeshaji wake hukaa humo siku nzima. Matrekta yanayobeba miwa kuelekea viwanda vya Awendo na Ndhiwa yana shida tofauti: majani makavu yakijikusanya kwenye ekzosi iliyo moto, au cheche ikiruka kutoka kwenye bomba lililooza, shamba zima laweza kuteketea.

Ekzosi mpya ikishafungwa kwa bolti, ikatiwa gasketi mpya kwenye flanji na kuning'inizwa kwa mipira, isiguse sakafu wala tangi wala bomba la breki. Iachiwe nafasi ya upana wa vidole viwili, kwa kuwa chuma hurefuka kinapopata moto. Mipira isibadilishwe kwa waya, maana waya huhamishia mtetemo wote kwenye kiungo kilichochomelewa hadi kipasuke.

Jaribio la mwisho hufanyiwa nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Injini huwashwa ingali baridi, mtu mmoja akaziba kidogo ncha ya nyuma kwa kitambaa kinene kilicholoweshwa, na mwingine akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Panapovuja patatoa mapovu. Panapotoa mapovu hapazibwi kwa gundi wala kwa mkebe uliofungwa waya. Bomba huteremshwa na kuchomelewa upya. Kisha gari likitembea siku chache kwenye barabara ya Rodi Kopany na kupoa, bolti zote hukazwa tena, kwa kuwa gasketi mpya hubonyea kwa joto na kuacha nafasi.