Mwanafunzi Asipovuka Kidato cha Pili
Tunawakumbusha wazazi na walezi wa Mwadui kwamba mwanafunzi asiyefikia ufaulu katika Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili hukariri kidato hicho. Kukariri si kufukuzwa. Asiondolewe shuleni kwenda kuchekecha mchanga wa almasi. Aliyekwisha kuacha shule naye hajafungiwa mlango: akifaulu Mtihani wa Maarifa, anaweza kujisajili Baraza la Mitihani kufanya mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Katika mtihani huo huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 34 na 35 ni sifuri. Anayedai fedha ili mtoto avushwe, asilipwe. Ufaulu hauuzwi.