Wasio na Makazi Tarime na Serengeti

Wilaya za Tarime na Serengeti ziko katika Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Tarime inapakana na Kenya na ina kituo cha mpakani cha Sirari. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni mji wa Mugumu, imepakana na hifadhi ya taifa yenye jina hilohilo. Wenyeji wengi wa Tarime ni Wakurya, wenye ndugu zao ng'ambo ya mpaka; Serengeti wamo pia Wangoreme, Waikoma na Wanata. Maisha hutegemea kilimo na mifugo, na huko Nyamongo, wilayani Tarime, dhahabu.

Katika vijiji vya wilaya hizi ni nadra kumkuta mtu akilala barazani mwa maduka kama ilivyo mijini. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya sheria ya mwaka 1999, na nyumba hujengwa na familia yenyewe. Mji wa Mkurya, yaani boma la familia, una zizi la ng'ombe, kila mke ana nyumba yake, na kijana akioa huonyeshwa na baba yake mahali pa kujenga. Basi anayekosa pa kulala ni yule aliyepoteza nafasi yake ndani ya ukoo, au aliyeondolewa kwenye ardhi yake.

Kundi linalojulikana zaidi ni wasichana wanaokimbia ukeketaji. Wazee wa mila wa kila ukoo hutangaza msimu, kwa kawaida Novemba na Desemba shule zikiwa zimefungwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 28. Akishakeketwa, msichana huhesabiwa yuko tayari kuolewa, na wazazi husubiri ng'ombe wa mahari. Anayekataa hana budi kutoroka, mara nyingi usiku, akimbilie kwa mwalimu, kanisani au polisi.

Kundi la pili ni wajane na wanawake wasio na watoto wa kiume, kwa kuwa kimila mji hurithiwa na wana wa kiume. Wapo wanaojinusuru kwa nyumba ntobhu: mwanamke mtu mzima hutoa mahari na kumwoa binti ili amzalie watoto wa mji wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, hivyo binti huyo akifukuzwa hawezi kudai haki za mke.

Kundi la tatu ni familia za Nyamongo zinazopisha mgodi wa North Mara. Mwenye nyumba anastahili fidia ya mali yake pamoja na posho, ikiwamo ya makazi inayokadiriwa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Uthamini huleta ugomvi, hasa kwa sababu ya 'tegesha', yaani vibanda na mazao yanayowekwa harakaharaka ili yahesabiwe.

Wajibu wa serikali za mitaa kwa wasio na makazi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1977 ilizipa halmashauri jukumu la kuwapatia makazi baadhi ya watu wasio nayo, hasa familia zenye watoto. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inataja haki ya makazi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haiitaji haki hiyo waziwazi. Hata hivyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaitaka mamlaka ya serikali za mitaa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake, na kumpatia msaada na malazi mtoto aliyepotea, aliyetelekezwa au anayetafuta hifadhi.

Kwa vitendo, msichana aliyetoroka hupelekwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kitanda chenyewe hutolewa zaidi na makanisa na mashirika. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, hufungua kambi kila msimu. Mugumu ilipata nyumba salama mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, na baadaye Rhobi Samwelly aliyeiongoza alianzisha shirika lake la Hope for Girls and Women. Msimu ukiisha, wazazi huitwa na kuahidi kwa maandishi, mbele ya polisi na ustawi wa jamii, kwamba hawatamkeketa binti. Wakikataa, binti hubaki kituoni akiendelea na shule au akijifunza ushonaji.

Ulinzi huo una kikomo cha umri. Sheria ya mwaka 1998 inayoadhibu ukeketaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15 inamhusu msichana aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto vivyo hivyo. Binti aliyefikisha miaka 18 na mjane aliyefukuzwa hawana sheria inayoilazimu halmashauri kuwapa mahali pa kulala.