Fedha Mbichi: Namna Mapato ya Halmashauri Yanavyofuatiliwa na Yaliyopotea Yanavyorejeshwa

Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Machi na katikati ya Aprili, wananchi husikia taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ikitajwa bungeni na katika vyombo vya habari. Zinatajwa halmashauri zilizopata hati safi na zilizopata hati yenye shaka, na viongozi huagiza waliohusika na upotevu wa fedha wachukuliwe hatua. Kinachoelezwa kwa nadra ni safari ya fedha zenyewe: zinapotelea wapi, nani ana mamlaka ya kuzidai, na kwa nini nyingine hazirudi.

Tanzania Bara ina halmashauri 184 za majiji, manispaa, miji na wilaya. Uwepo wake unatokana na Ibara ya 145 na 146 za Katiba, na fedha zake husimamiwa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Sehemu kubwa ya matumizi yake, ikiwemo mishahara ya walimu na watumishi wa afya, hutoka Serikali Kuu kwa njia ya ruzuku. Sehemu iliyobaki ni mapato ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, ushuru wa huduma, ada za leseni na mengineyo. Ni sehemu ndogo, lakini ndiyo inayojenga darasa lililoanzishwa kwa nguvu za wananchi au kumalizia zahanati iliyosimama kwenye lenta. Serikali huelekeza kiwango maalumu cha mapato hayo, kulingana na uwezo wa halmashauri, kipelekwe kwenye miradi ya maendeleo.

Upotevu mwingi huanzia mahali padogo. Mkulima anayesafirisha mazao hulipa ushuru kizuizini. Mkusanyaji hubonyeza mashine ya POS na kutoa stakabadhi, na tangu hapo mfumo wa mapato unamhesabu mkusanyaji kuwa anadaiwa kiasi hicho mpaka akiweke benki kwa namba ya malipo ya Serikali. Taratibu za fedha za serikali za mitaa zinakataza makusanyo kutumika kabla hayajafika benki. Katika ofisi za halmashauri, fedha zinazotumika kabla ya hatua hiyo huitwa fedha mbichi. Wakati mwingine huliwa na mkusanyaji, na wakati mwingine hutumika kwa shughuli halali, kama kununua mafuta ya gari la ofisi, lakini bila hati ya malipo. Kwa mkaguzi yote mawili ni dosari, kwa sababu matumizi yasiyopita kwenye hesabu hayawezi kuthibitishwa kuwa yalikuwa halali.

Mashine zimepunguza tatizo hili bila kulimaliza. Taarifa za ukaguzi za miaka mbalimbali zimeonesha mashine zinazokaa muda mrefu bila kuunganishwa na mtandao, makusanyo yasiyopelekwa benki, na miamala iliyofutwa au kurekebishwa katika mfumo bila idhini. Anayeweza kufuta deni katika mfumo ana nguvu kuliko anayeshika mashine kizuizini, na hapo ndipo macho ya msimamizi yanapohitajika zaidi.

Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Halmashauri hufunga hesabu zake na kuziwasilisha kwa ukaguzi ndani ya miezi mitatu, na CAG hukabidhi taarifa zake kwa Rais kabla ya Machi kwisha. Ibara ya 143 ya Katiba inataka taarifa hizo ziwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kianze, na kama hilo halikufanyika, CAG huzipeleka mwenyewe kwa Spika. Baada ya hapo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) huwaita wakurugenzi, ambao ndio Maafisa Masuuli, kujibu hoja. Katika wilaya, madiwani hukaa kikao maalumu kujadili hoja hizohizo mbele ya viongozi wa mkoa.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Hati inayoridhisha, maarufu kama hati safi, inaeleza kwamba hesabu zimeandaliwa kwa usahihi unaotakiwa. Haisemi kwamba hakuna senti iliyopotea. Halmashauri inaweza kupata hati hiyo huku ikiwa na wakusanyaji wanaodaiwa, mradi deni hilo limeoneshwa vitabuni. Mwananchi anayetaka kujua hali halisi asiishie kwenye hati. Asome hoja zilizofungwa na zinazojirudia mwaka hadi mwaka.

Urejeshaji una njia kadhaa. Mtumishi aliyesababisha hasara anaweza kutakiwa kuifidia, kuchukuliwa hatua za kinidhamu, au shauri lake kupelekwa TAKUKURU na hatimaye mahakamani. Wakala aliyekusanya kwa mkataba hudaiwa kwa mkataba wake. Kasi ndiyo tatizo: deni la wiki moja hudaiwa kwa urahisi, lakini deni la miaka mitatu humkuta mkusanyaji amehama na wakala amefunga ofisi.

Mikopo ya asilimia 10 ni mfano ulio wazi. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukaguzi ulibaini marejesho hafifu na vikundi visivyokuwepo, na Aprili 2023 Serikali ikasitisha utoaji wake. Uliporejea mwaka 2024, halmashauri 10, zikiwemo Jiji la Dodoma, Manispaa ya Songea na Wilaya ya Nkasi, zilichaguliwa kutumia benki kwa majaribio, na nyingine zikaendelea kwa utaratibu ulioboreshwa wa kamati. Vikundi vilivyokuwa waaminifu navyo vilisubiri muda wote huo kwa makosa yasiyo yao.

Serikali inayo pia hatua nzito kuliko zote. Mwaka 1996 Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa na jiji likaendeshwa na Tume iliyoongozwa na Charles Keenja, hadi mwaka 2000 zilipoanzishwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Kwa kipindi hicho wakazi hawakuwa na diwani wa kumwuliza. Gharama hiyo inaeleza kwa nini hatua ya kawaida siku hizi ni kumwondoa mtendaji na kuliacha baraza likiendelea.

Kwa mwananchi wa kijijini, mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Taarifa za CAG zinapatikana bure katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na juzuu ya serikali za mitaa hutaja halmashauri kwa majina.